Dawa ipi ya kusukutulia kinywa huzuia utando wa meno na uvimbe wa fizi? Ulinganisho wa aina tano kwa kuangalia majaribio yake

Mtu anayeona damu kwenye mswaki kila asubuhi huwa na mambo mawili ya haraka ya kufanya. La kwanza ni kuongeza nguvu anapopiga mswaki, na hilo halimsaidii. La pili ni kwenda duka la dawa kuulizia dawa ya kusukutulia. Akifika dukani hukuta chupa za buluu, kijani, waridi na nyeupe, karibu zote zikiwa na maneno kwamba zinapambana na bakteria na kulinda fizi. Maneno hayo hayamwambii jambo la msingi: dawa hiyo ilijaribiwa kwa nani, kwa muda gani, na ililinganishwa na kitu gani. Hapa ninalinganisha aina tano zinazopatikana kwa urahisi, nazo ni klorheksidini, mafuta tete, setilipiridini, maji ya chumvi na floraidi, na nitakuwa nikirudi kila mara kwenye majaribio yenyewe, kwa sababu humo ndimo tofauti za chupa hizi zinapoonekana.

Kwanza tufahamu kinachozuiwa. Dakika chache tu baada ya jino kusafishwa, protini za mate hulipaka ngozi nyembamba isiyoonekana, na bakteria huanza kujishikiza juu yake tabaka kwa tabaka. Huo ndio utando laini, ule unaouhisi kwa ulimi kama uteute ukiamka asubuhi. Ukiachwa hunyonya madini ya mate na kugeuka ugaga, ambao hakuna mswaki wala dawa ya kusukutulia inayouondoa. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo watu 12 wenye fizi zenye afya waliacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walikuwa wamevimba fizi, na walipoanza tena kusafisha, fizi zilirudia hali yake njema. Tangu hapo ilijulikana wazi kwamba utando ndio chanzo cha uvimbe, na watafiti wakapata pia njia ya kujaribu dawa: wazuie watu wasipige mswaki, wape dawa ya kusukutua, kisha uone kama fizi zitavimba.

Vigezo vya ulinganisho

Kigezo kizito kuliko vyote ni kama waliojaribiwa walikuwa wakipiga mswaki au la. Yako majaribio ambamo washiriki huacha mswaki kwa siku 4, ili kupima jinsi utando unavyoota upya, au kwa siku 21, ili kuona kama fizi zitavimba. Humo dawa hubaki peke yake uwanjani, na tofauti kati yake na maji ya bandia yasiyo na dawa huonekana kubwa. Yako mengine ambamo washiriki hurudi nyumbani, huendelea na mswaki wao wa kawaida, na huongeza dawa juu yake kwa miezi 6. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, kinapotaka kuipa dawa kibali cha kutangazwa kwamba hupunguza utando na uvimbe, hutazama majaribio ya namna hii ya pili, ambayo ndiyo yanayofanana na maisha ya msomaji.

Kigezo cha pili ni kitu kilichopimwa. Utando hupimwa kwa kupaka meno rangi na kuyapa alama, mara nyingi kuanzia 0 hadi 5. Uvimbe una vipimo vyake, na kinachotumiwa sana huanzia 0 hadi 3: ufizi wenye alama 0 ni mzima, wenye 1 umebadilika rangi kidogo lakini hautoki damu ukiguswa, wenye 2 hutoka damu ukiguswa kwa kifaa, na wenye 3 hutoka damu wenyewe au una vidonda. Dawa inaweza kupunguza utando sana na bado ikapunguza uvimbe kidogo tu, kwa hiyo mtu anayetokwa na damu anapaswa kuuliza habari za kipimo cha pili kabla ya kile cha kwanza.

Kigezo cha tatu ni uadilifu wa jaribio lenyewe, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa maana ndipo mambo mengi yanapofichika. Jaribio zuri hugawa watu kwenye makundi kwa bahati nasibu, na anayekagua fizi hapaswi kujua nani alipewa dawa na nani alipewa maji ya bandia. Kwa dawa za kusukutulia sharti hilo ni gumu kulitimiza. Dawa nyingine huwasha kinywa kiasi kwamba mshiriki mwenyewe hutambua anachotumia, na nyingine huacha madoa ya kahawia ambayo mkaguzi huyaona mara tu kinywa kinapofunguliwa. Aidha, mtu anayejua kwamba atakaguliwa hupiga mswaki vizuri zaidi kuliko siku zote, hata akiwa kwenye kundi la bandia, na kwa sababu hiyo fizi za makundi yote huwa na nafuu. Ndiyo maana nafuu ya kundi lenye dawa peke yake haina maana mpaka ilinganishwe na nafuu ya kundi lisilo na dawa. Tena, majaribio mengi hulipiwa na watengenezaji. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo, ila linamtaka msomaji aulize kwa makini zaidi dawa ililinganishwa na nini.

Kigezo cha nne ni usumbufu: madhara, ladha, bei, na siku ambazo chupa moja hudumu.

Kuna sharti moja ambalo halimo kwenye lebo yoyote. Katika majaribio mengi ya dawa hizi, washiriki husafishwa meno na mtaalamu na kuondolewa ugaga kabla ya siku ya kwanza. Dawa hujaribiwa kama kinga juu ya jino safi, kwa kuwa bakteria waliokwisha kujenga utando mnene hujikinga ndani yake, na dawa haiwafikii kwa urahisi. Mtu mwenye ugaga wa miaka mitano anayeanza kusukutua leo hayumo kabisa kwenye hali iliyopimwa, hata akinunua chupa ile ile iliyosifiwa.

Klorheksidini

*Inavyofanya kazi.* Kemikali hii ilibuniwa Uingereza na kuanza kutumika katika miaka ya 1950 kama dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi na majeraha. Molekuli yake ina chaji chanya, na hujishikiza kwenye jino, ulimi na sehemu laini za kinywa, ambazo zina chaji hasi. Mtu akishatema, dawa iliyobaki imejishikiza huachiliwa polepole na kuendelea kufanya kazi kwa takriban saa 12. Ndiyo sababu inatosha kuitumia asubuhi na usiku tu.

*Ushahidi.* Mwaka 1970, Löe na mwenzake Schiött waliwapa watu walioacha mswaki mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2, wasukutue mara mbili kwa siku. Utando karibu haukuota, na fizi hazikuvimba. Matokeo hayo yaliifanya klorheksidini kuwa kipimo ambacho dawa nyingine zote hulinganishwa nacho mpaka leo.

Mwaka 2017, Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima majaribio ya tiba, ilichapisha mapitio ya majaribio 51 yenye washiriki 5,345, yakiuliza swali tofauti: klorheksidini inamsaidia nini mtu ambaye tayari anasafisha meno kwa mswaki? Baada ya majuma 4 hadi 6 utando ulipungua sana. Uvimbe, kwa watu wenye fizi zilizovimba kidogo, ulipungua kwa wastani wa alama 0.21 kwenye kile kipimo cha 0 hadi 3. Waandishi wa mapitio hayo walisema wazi kwamba tofauti hiyo, ingawa ni ya kweli kitakwimu, ni ndogo mno kuwa na uzito katika matibabu. Kwa wale wenye uvimbe wa wastani au mkali, ushahidi haukutosha kutoa hukumu.

Mtu anaweza kudhani kwamba 1970 na 2017 zinapingana. Hazipingani hata kidogo. Jaribio la kwanza lilionyesha nguvu ya dawa pale mkono usipofanya kazi, na mapitio ya baadaye yalionyesha kinachobaki kwa dawa kufanya pale mkono unapofanya kazi yake. Mswaki ukishaondoa utando mwingi, dawa hukuta kazi ndogo. Laiti wauzaji wa dawa wangeeleza jambo hili moja tu kwa kila mteja, naamini chupa nyingi zingebaki rafuni na fizi nyingi zingepona.

*Usumbufu.* Doa la kahawia kwenye meno na ulimi ni la kawaida ikitumiwa kwa majuma kadhaa, na humzidi mnywaji wa chai na kahawa, kwa sababu rangi za vinywaji hivyo hushikamana na dawa iliyoko kwenye jino. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki wa kawaida bali husafishwa kliniki. Ladha ya chakula huharibika kwa muda, hasa ya chumvi, na ugaga huweza kuongezeka. Mzio mkali hutokea kwa nadra, lakini ukitokea ni hatari ya kweli, na aliyewahi kupata mzio wa dawa hii kwenye ngozi asiiguse. Baadhi ya viambato vya dawa ya meno hudhoofisha klorheksidini, kwa hiyo ni vyema kuacha angalau nusu saa kati ya mswaki na kusukutua. Dawa hii huua pia bakteria wa ulimi wanaousaidia mwili kupata naitriti, kemikali inayosaidia kulegeza mishipa ya damu, kutokana na mboga za majani, na katika utafiti mdogo wa mwaka 2013, watu 19 wenye afya waliosukutua nayo kwa siku 7 walipanda shinikizo la damu kwa kati ya milimita 2 na 3.5 za zebaki. Ni watu wachache na siku chache, lakini inatosha kumfanya mwenye shinikizo la damu amuulize daktari kabla ya kuitumia muda mrefu. Kwa mililita 20 kwa siku, chupa ya mililita 300 humaliza siku 15, na kwa watu wengi huo ndio muda wa kutosha.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mtu asiyeweza kupiga mswaki kwa muda unaojulikana: aliyefanyiwa upasuaji wa kinywa, aliyevunjika taya kwenye ajali ya bodaboda na kufungwa meno kwa waya, au mgonjwa wa kitandani anayehudumiwa na wengine. Wote hawa wanafanana na washiriki wa mwaka 1970 kuliko wale wa mapitio ya 2017, na hapo dawa hii haina mshindani wa karibu.

Mafuta tete

*Yanavyofanya kazi.* Mchanganyiko uliojaribiwa zaidi una thaimoli, mentholi, yukaliptoli ya mkaratusi na methili salisileti. Mafuta haya huharibu kuta za bakteria na kupunguza uwezo wao wa kujishikiza, ila hayang'ang'anii kinywani kama klorheksidini. Dawa inayojulikana zaidi ya aina hii, Listerine, ilibuniwa Marekani mwaka 1879 na Joseph Lawrence kwa ajili ya vyumba vya upasuaji, ikaitwa kwa jina la Joseph Lister, daktari Mwingereza aliyeanzisha upasuaji wa kutumia dawa za kuua vijidudu.

Msomaji wa Pemba au Unguja asidhani kwamba mafuta ya karafuu ndiyo yaliyopimwa. Karafuu ina yujenoli, ambayo hutuliza maumivu ya jino na hutumiwa na madaktari kwa kazi hiyo, lakini si mojawapo ya mafuta manne ya mchanganyiko huu, na mafuta ya karafuu yasiyopunguzwa makali huunguza ufizi.

*Ushahidi.* Hapa majaribio ya miezi 6 ya watu wanaoendelea kupiga mswaki ni mengi, na kwa jumla yameonyesha upungufu wa utando na wa uvimbe ukilinganishwa na maji ya bandia. Mapitio ya mwaka 2011 yaliyoyalinganisha mafuta tete na klorheksidini yalikuta klorheksidini ikishinda kwa utando, lakini kwa uvimbe wa fizi, katika matumizi ya majuma 4 na zaidi, hakukuwa na tofauti ya kutegemewa. Kwa anayesumbuliwa na fizi, hayo ni matokeo makubwa, maana yanamwambia kwamba kwa muda mrefu anaweza kupata kiasi kile kile cha nafuu bila madoa yale.

Kuna kisa kinachofundisha namna ya kusoma majaribio kuliko vitabu vingi. Matangazo ya Listerine nchini Marekani yalidai kwamba dawa hiyo ni sawa na uzi wa kusafishia kati ya meno katika kupambana na utando na uvimbe wa fizi, na dai hilo lilitegemea majaribio mawili ya miezi 6 ambamo kundi la uzi halikupata matokeo bora kuliko kundi la dawa. Kampuni inayotengeneza uzi ilishitaki. Mwezi Januari 2005, Jaji Denny Chin wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamuru matangazo hayo yasimame. Alibaini kwamba washiriki waliopewa uzi walizidi kuutumia vibaya na kwa uvivu kadiri miezi ilivyokwenda, na kwa hiyo majaribio yale hayakuonyesha kwamba dawa ni sawa na uzi, bali kwamba ni sawa na uzi usiotumiwa inavyotakiwa. Takwimu zilikuwa sahihi, ila swali lililojibiwa halikuwa lile lililotangazwa.

*Usumbufu.* Huwasha sana siku za mwanzo. Mchanganyiko wa asili una pombe ya kati ya asilimia 21 na 27, jambo linalowahusu Waislamu wanaojiepusha nayo, watu waliowahi kuwa na tatizo la ulevi, watoto, na wenye kinywa kikavu au vidonda. Matoleo yasiyo na pombe yapo, na lebo hueleza. Kipimo kilichojaribiwa ni mililita 20 kwa sekunde 30, mara mbili kwa siku, na kwa kiasi hicho chupa ya mililita 500 haimalizi majuma mawili. Anayetumia kifuniko nusu ili chupa idumu mwezi mzima hatumii tena dawa iliyojaribiwa.

*Yanamfaa nani.* Yanamfaa mtu mzima anayepiga mswaki kila siku lakini fizi zake bado zinatoka damu kidogo, anayehitaji msaada wa miezi mingi, na ambaye bei ya chupa mbili au zaidi kwa mwezi haimuumizi.

Setilipiridini

*Inavyofanya kazi.* Nayo ina chaji chanya na hujishikiza kwenye jino kama klorheksidini, lakini huachia mapema, baada ya takriban saa 3 hadi 5. Huonekana zaidi kwenye chupa zilizoandikwa kwamba hazina pombe.

*Ushahidi.* Mapitio ya mwaka 2008 yalikuta kwamba ikiongezwa juu ya mswaki hupunguza utando na uvimbe kwa kiasi kidogo lakini cha kweli. Mwaka 2003, jopo la wataalamu wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani liliihesabu, pamoja na mafuta tete yaliyotajwa, miongoni mwa viambato salama na vyenye kufanya kazi dhidi ya utando na uvimbe, kwa viwango vya kati ya asilimia 0.045 na 0.10. Ugumu wake ni kwamba viambato vingine ndani ya chupa vinaweza kuifunga na kuidhoofisha. Hivyo chupa mbili zenye asilimia moja iliyoandikwa zinaweza kutofautiana kwa nguvu.

*Usumbufu.* Madoa yapo lakini ni hafifu kuliko ya klorheksidini, ladha yake hustahimilika, na haiwashi sana.

*Inamfaa nani.* Anayetaka dawa ya kila siku isiyo na pombe, na aliyeshindwa na ukali wa mafuta tete.

Maji ya chumvi

*Yanavyofanya kazi.* Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu huosha mabaki ya chakula na kutuliza ufizi uliochubuka. Chumvi haijishikizi kwenye jino, na ukishatema, kazi imekwisha.

*Ushahidi.* Majaribio yaliyopo ni machache, ya watu wachache na ya siku chache, na mengi yanahusu kupona kwa kidonda baada ya kung'oa jino kuliko kuzuia utando. Sisemi hivi kwa kuidharau dawa ya bibi zetu. Ninachosema ni kwamba hakuna jaribio la miezi 6 la kuiweka kwenye mizani moja na zile tatu za juu, na mtu asiihesabu kama kinga ya utando.

*Usumbufu.* Karibu haupo, na bei yake iko ndani ya uwezo wa kila jiko. Aliyeng'olewa jino asisukutue kwa nguvu katika saa 24 za kwanza, asije akaling'oa donge la damu linalofunika kidonda. Mwenye shinikizo la damu ateme na asimeze.

*Yanamfaa nani.* Mwenye kidonda, aliyeng'olewa jino jana, na anayesubiri siku ya kliniki akiwa na fizi zinazouma.

Floraidi

*Inavyofanya kazi.* Nimeiweka kwa sababu iko kwenye rafu moja na nyingine na watu huinunua kwa ajili ya fizi, ilhali kazi yake ni kuimarisha jino lisitoboke.

*Ushahidi.* Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalikuta kwamba kusukutua kwa floraidi mara kwa mara, hasa shuleni chini ya usimamizi, kulipunguza kuoza kwa meno ya ukubwani ya watoto na vijana kwa wastani wa asilimia 27. Ni ushahidi mzuri, wa jambo jingine. Mwenye fizi zinazotoka damu asiitarajie impe nafuu.

*Usumbufu.* Mtoto chini ya miaka 6 hapewi, kwa kuwa humeza. Kwa wakazi wa maeneo yanayozunguka Mlima Meru na sehemu za Bonde la Ufa nchini Tanzania na Kenya, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi huzidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ambako meno ya kahawia ni jambo la kuonekana kila siku, mzazi amwone mtaalamu kwanza kabla ya kumwongezea mtoto floraidi yoyote.

*Inamfaa nani.* Kijana anayetoboka meno mara kwa mara, na mwenye waya za kunyoosha meno.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa fizi zinatoka damu kidogo, meno hayachezi na hakuna maumivu, anza na jaribio la nyumbani lisilo na chupa yoyote. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dakika mbili, ukiufikisha pale jino linapokutana na ufizi, na usafishe kati ya meno kwa uzi au kijiti maalumu. Anayetumia mti wa mswaki, kama ilivyo desturi ya pwani, auendeshe vivyo hivyo kwenye mstari wa ufizi, kila jino ndani na nje. Fizi za washiriki wa Aarhus zilirudi katika afya kwa kusafisha tu, kwa hiyo majuma mawili yanatosha kukuonyesha mwelekeo. Damu ikipungua, hukuhitaji chupa. Ikibaki kidogo licha ya juhudi, hapo mafuta tete au setilipiridini ni nyongeza yenye sababu, na uchaguzi kati ya hizo mbili uamuliwe na pombe, ukali na mfuko wako.

Ikiwa unaona ugaga mgumu nyuma ya meno ya mbele ya chini, fedha ya chupa ielekeze kwanza kwenye kusafishwa kliniki. Baada ya hapo ndipo dawa yoyote kati ya tatu za mwanzo itakapofanya kazi katika hali iliyojaribiwa.

Ikiwa huwezi kupiga mswaki kwa sababu ya upasuaji, jeraha au ugonjwa, klorheksidini kwa muda ambao daktari ameutaja ndiyo yenye ushahidi ulio imara zaidi. Katika mwezi wa Ramadhani vipimo vyake viwili vinaweza kuangukia baada ya futari na baada ya daku, na kipimo cha daku kitumiwe mapema ili ile nusu saa kati yake na mswaki isivunjwe.

Mjamzito hutokwa na damu ya fizi kwa urahisi zaidi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Asafishe kwa upole, atumie maji ya chumvi fizi zikiuma, aepuke chupa zenye pombe, na ahudhurie kliniki ya kinywa na meno kama anavyohudhuria ile ya wajawazito. Mwenye kisukari naye asitegemee chupa, kwa kuwa fizi zake huharibika haraka kuliko za wengine, na sukari isiyodhibitiwa na ugonjwa wa fizi huchocheana.

Na ikiwa meno yameanza kucheza, fizi zimeshuka, kuna usaha au harufu isiyokoma, hakuna chupa kati ya hizi tano inayokufaa kama tiba. Utando unaoleta madhara hayo uko ndani ya mifuko chini ya ufizi, ambako maji ya kusukutua hayafiki, na anayeweza kuufikia ni mtaalamu mwenye vifaa vyake.